Kamati Ipi kwa Kazi Ipi? Mwongozo kwa Vikundi na Vyama vya Kusini

Msimu wa korosho ukikaribia, simu yangu haitulii. "Dada katibu, tumeshaunda kamati, sasa ifanye nini?" Wameanza mkiani. Watu wameshachaguliwa, wameshapigiwa makofi, wengine wameshaulizia posho, na kazi yenyewe bado haijulikani.

Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama wabanguaji korosho upande wa Masasi. Tupo 28. Nimekaa pia kwenye kamati ya maji, kamati ya ujenzi wa darasa, na kamati za harusi ambazo sina hesabu yake. Maswali ninayoulizwa Masasi ndiyo hayohayo ninayopigiwa kutoka Nachingwea na Newala, kwa hiyo nimeona niyajibu mara moja. Mwongozo huu ni wa anayeanza: kikundi cha wajasiriamali, VICOBA (kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana), AMCOS changa (chama cha ushirika cha wakulima), wazazi wa shule, chama cha waliosoma pamoja. Kama wewe ni mwanasheria wa halmashauri, hapa hutapata jipya.

Uwe na hivi kabla hujaanza

- Katiba ya kikundi, au masharti ya chama kama ninyi ni ushirika. Iliyosainiwa, siyo ile iliyobaki kwenye simu ya mtu.
- Orodha ya wanachama hai. Waliohama na waliofariki waondolewe kwanza, maana ndio wanaoharibu hesabu ya akidi, yaani idadi ya wajumbe wanaotakiwa kuwepo ili kikao kihesabike.
- Kaunta buku moja ya mihutasari, kurasa zake zikiwa na namba kwa kalamu. Karatasi ikichanwa ijulikane.
- Kalenda ya msimu. Nitaeleza mbele kwa nini.
- Mtu mmoja anayeandika upesi na asiyeona haya kuuliza, "Samahani, tumeamua nini hasa?"

Kama hamna katiba, simameni hapo. Nendeni kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata yenu awaelekeze, kisha mrudi hapa. Kikundi kisicho na katiba kikiunda kamati, siku ya ugomvi kila mtu anakuwa na katiba yake kichwani.

Hatua ya 1: Andika kazi kabla ya majina

Iandike kwa sentensi moja. Sentensi ya kikundi chetu mwaka tuliotaka oveni ilipaswa kuwa hivi: "Kutafuta bei ya oveni ya kukaushia korosho kwa wauzaji watatu na kuleta pendekezo kwenye mkutano wa wanachama." Sisi tuliandika: "Kushughulikia mambo ya mashine." Mambo ya mashine hayaishi. Oveni ilikuja, ikafungwa, ikakausha korosho misimu miwili, na kamati ya mashine bado ilikuwa inakutana na kunywa soda za kikundi.

Onyo: kazi ambayo mtu mmoja anaimaliza kwa siku mbili haihitaji kamati. Mtume mtu, mpe nauli, arudi na risiti.

Hatua ya 2: Chagua aina ya kamati

Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa hiyo nitakaa kidogo. Jiulize maswali haya kwa mpangilio huu.

*Je, kazi inarudi kila mwezi au kila msimu?* Basi mnahitaji kamati ya kudumu. Watu wake hubadilika, kamati inabaki. Mfano ulio karibu ni serikali ya kijiji, ambayo halmashauri yake ina kamati tatu za kudumu: fedha na mipango, huduma za jamii, na ulinzi na usalama. Halmashauri za wilaya nazo zina za kwao, kama ile ya Fedha, Uongozi na Mipango. Kwa kikundi cha watu 28, kamati ya kudumu moja au mbili zinatosha. Nimeona kikundi cha watu 15 chenye kamati sita. Kila mtu alikuwa mwenyekiti wa kitu fulani na hakuna aliyekuwa anabangua.

*Je, kazi ina mwisho unaoonekana?* Kujenga choo, kuandaa mkutano mkuu, kununua oveni. Hiyo ni ya kamati ya muda, wengine huiita kamati maalumu. Huzaliwa na kazi na hufa na kazi. Kama hujui ya muda inavyokwenda, itazame kamati ya harusi. Siku ya mwisho inajulikana tangu kikao cha kwanza, michango inasomwa mbele ya watu, kuna wa chakula, wa ukumbi na wa usafiri, na harusi ikipita inafanyika sherehe ya kuvunja kamati, watu wanakula na kuagana. Kamati nyingi za vikundi hazivunjwi. Zinasahaulika tu, daftari likiwa nyumbani kwa mtu.

*Je, ni maamuzi ya kila siku kati ya mkutano mkuu mmoja na mwingine?* Hiyo ni kamati tendaji: mwenyekiti, katibu, mhazini na wajumbe wachache. Kwenye ushirika kazi hiyo inafanywa na bodi, inayochaguliwa na mkutano mkuu. Kamati tendaji huendesha yaliyokwisha kuamuliwa. Ikianza kubadilisha kiingilio au kugawa faida bila mkutano, imevuka mpaka.

*Je, kazi ni kuwatazama viongozi wenyewe?* Hapo inatakiwa kamati ya usimamizi, kama iliyopo kwenye SACCOS, ushirika wa akiba na mikopo. Inachaguliwa na mkutano mkuu na wajumbe wake hawatoki kwenye bodi. Mwenyekiti akisema atawateua yeye "ili kuharakisha," mkatalieni kwa heshima. Paka hamchagulii panya mlinzi.

*Je, kuna jambo limeharibika na mnataka kujua ukweli?* Undeni kamati ya uchunguzi. Bungeni huitwa kamati teule. Mwaka 2008 Kamati Teule iliyochunguza mkataba wa umeme wa Richmond ilisoma taarifa yake, na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Angalia mgawanyo wa kazi: kamati haikumfukuza mtu, ilichunguza na kusema ilichokiona. Ya kwenu iwe hivyohivyo. Inachunguza, inaandika, inakabidhi. Adhabu ni ya mkutano.

*Je, kazi ni kipande cha kazi ya kamati nyingine?* Ni kamati ndogo. Wajumbe wa kamati ya fedha wawili watatu wanatumwa kuhesabu magunia, wanarudi kwenye kamati ya fedha. Hawaendi kusoma ripoti yao kwenye mkutano mkuu wakiwa wamemruka mama yao.

*Je, jambo linawahusu watu wa vyama viwili?* Vikundi viwili vinavyotumia ghala moja au kisima kimoja viunde kamati ya pamoja, wajumbe sawa kwa sawa. Kubalianeni tangu mwanzo nani atakalia kiti na kitazunguka vipi.

Ipo na kamati ya ushauri, ya wazee au wataalamu, inayoshauri bila kupiga kura. Ni nzuri, ila waambieni mapema kuwa hawapigi kura. Mzee akigundua baadaye anaona amedharauliwa.

Hatua ya 3: Hakikisha mna mamlaka ya kuiunda

Fungua katiba, tafuta panapotaja kamati. Kama inasema mkutano mkuu ndio unaounda, kikao cha viongozi watano chini ya mkorosho hakiundi kitu.

Nyingine zimepangwa na sheria na hamwezi kuzikata mpendavyo. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, watatu kati yao wanawake. Kikundi cha huduma ndogo za fedha chini ya sheria ya mwaka 2018 kina wanachama kuanzia 10 hadi 50. Kabla hujasema "sisi tumezoea hivi," muulize mtendaji wa kijiji au ofisa ushirika.

Hatua ya 4: Andika hadidu za rejea

Ni maelezo ya kazi na mipaka ya kamati. Jina ni zito, karatasi yenyewe ni nusu ukurasa. Iwe na mambo saba:

1. Jina la kamati na aina yake.
2. Nani ameiunda, tarehe gani.
3. Kazi (ile sentensi ya hatua ya kwanza).
4. Inachoweza kuamua yenyewe, na inachopaswa kurudisha.
5. Kiasi cha fedha inachoruhusiwa kutumia. Kama ni sifuri, andika sifuri.
6. Inatoa taarifa kwa nani na lini.
7. Tarehe ya kuvunjika.

La nne ndilo linalozua vita. "Kupendekeza" na "kuamua" ni maneno mawili tofauti. Kamati yetu ya oveni ilijua inaamua, sisi tulijua inapendekeza. Mzigo ukafika na lori kabla ya mkutano. Oveni ilikuwa nzuri, lakini wanachama 20 walijiona wameburuzwa, na tulihitaji vikao viwili vya kutuliza.

Hatua ya 5: Sasa chagua watu

Watatu au watano. Saba ikiwa kazi ni kubwa. Tumieni idadi ya witiri ili kura zisigongane kila mara.

Chagueni kwa kazi, siyo kwa sauti. Kamati ya fedha inataka mtu anayejua kujumlisha na ambaye hadaiwi na kikundi. Kamati ya ununuzi inataka aliyewahi kununua kitu kama hicho. Na msijaze walewale watatu kila mahali kwa sababu "wanaongea vizuri." Wakiugua malaria wiki moja, kikundi kizima kimelala.

Jambo la kushika zaidi ya yote hapa ni kutenganisha mikono. Shule ikijengwa kwa utaratibu wa force akaunti, yaani shule inanunua vifaa na kusimamia mafundi yenyewe bila mkandarasi, zinaundwa kamati tatu: ya ujenzi, ya manunuzi, na ya mapokezi. Watu huziona ni urasimu. Siyo urasimu. Aliyenunua saruji asiwe ndiye anayeipokea na kusaini kuwa imetimia. Sisi tulijifunza kwa hasara: msimu mmoja watu walewale watatu walinunua magunia, wakayapokea, wakayaandika. Tulipokuja kuyahesabu wenyewe hayakutimia, na hakuna aliyeweza kusema yalipotelea njiani, dukani au stoo. Hatukumshika mtu, kwa sababu hapakuwa na jozi ya pili ya macho.

Mwenye maslahi atamke. Kama muuzaji wa oveni ni shemeji yako, sema kabla ya kikao kuanza, utoke nje wakati wa kuamua, na katibu aandike kuwa umetoka. Huku kwetu ndugu ni wengi na udugu wa ukoo haukwepeki. Tusikwepane, tutamke.

Hatua ya 6: Kikao cha kwanza

Kifanyike ndani ya siku 14 tangu kamati iundwe. Ikipita hapo, moto unapoa. Ajenda ni fupi: kusoma hadidu za rejea kwa sauti, kuchagua mwenyekiti na katibu wa kamati, kukubaliana akidi, kugawana kazi, kupanga tarehe.

Akidi ya kamati yenye watu wachache mara nyingi huwekwa zaidi ya nusu: watatu kati ya watano. Fuateni katiba yenu kama inasema vingine.

Kwenye tarehe, toa ile kalenda ya msimu. Usipange kikao siku ya mnada. Oktoba hadi Desemba watu wako mashambani wanaokota korosho au ghalani wanasubiri mizani. Kuanzia Mei na Juni kuna kupulizia mikorosho dawa ya salfa, na upande wa Lindi ufuta unavunwa na kuuzwa. Angalia Ramadhani, angalia likizo za shule ambapo jando na unyago vinawachukua akina mama wiki nzima. Ukivipuuza hivi, utakaa na viti.

Hatua ya 7: Andika muhtasari

Muhtasari siyo hadithi ya nani alisema nini. Kwa kila ajenda andika mistari mitatu: jambo, uamuzi, nani atatekeleza na lini. Mfano:

*Ajenda ya 3: Bei za oveni. Kikao kimepokea bei mbili, ya tatu bado. Imeamuliwa kusubiri ya tatu hadi tarehe 20. Mtekelezaji: Mjumbe wa ununuzi.*

Juu weka waliohudhuria, waliotoa udhuru na wasio na udhuru. Kikao kinachofuata kianze kwa kuusoma muhtasari, kuusahihisha na kuusaini, kisha yatokanayo, yaani mliyoagizana kikao kilichopita yamefikia wapi. "Mengineyo" iwe ya matangazo. Anayesubiri mengineyo ili kuingiza uamuzi wa fedha, mwambieni asubiri kikao kijacho.

Onyo: kundi la WhatsApp siyo kikao. Dole gumba 12 hazifanyi uamuzi. Zungumzeni huko, pashaneni habari huko, halafu mkutane mwamue na kuandika. Na siku mkiomba mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayogawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, mtatakiwa karatasi zenye saini. Picha ya simu haitawafikisha mbali.

Hatua ya 8: Toeni taarifa, kisha mvunje

Taarifa iwe ukurasa mmoja hadi miwili: mlitumwa nini, mlifanya nini, fedha kiasi gani na risiti zake, mnapendekeza nini. Isomwe kwenye mkutano uliowatuma. Kama ni kamati ya muda, mkutano upokee taarifa, ushukuru, utamke kuwa kamati imevunjwa, na katibu aliandike neno hilo. Daftari, risiti na funguo vikabidhiwe palepale. Soda au pilau ni hiari yenu. Sisi siku hizi tunapika pilau.

Kamati ya kudumu haivunjwi, ila wajumbe wake wawe na muda wao. Miaka miwili au mitatu inatosha, na msiwabadilishe wote siku moja.

Mambo yakikwama

*Akidi haitimii kikao baada ya kikao.* Tazameni saa na mahali kwanza kabla ya kulaumu watu. Kikao cha saa nne asubuhi msimu wa palizi kinajiua chenyewe. Kama tatizo ni mtu yuleyule, katiba iseme: vikao vitatu bila udhuru, nafasi iko wazi.

*Kura zimelingana.* Witiri haikuokoi kama mmoja hakuja. Katiba inaweza kumpa mwenyekiti kura ya pili ya kuamua. Kama haimpi, jambo limeshindikana kwa leo, lirudishwe kwenye mkutano.

*Kamati mbili zinagombea kazi moja.* Wekeni hadidu za rejea mbili mezani, zisomwe kwa zamu. Mara nyingi mtakuta moja haina karatasi. Hapo ugomvi umekwisha.

*Mwenyekiti anaamua peke yake.* Usianze na matusi. Omba muhtasari wa kikao kilichofanya uamuzi huo. Kama haupo, uamuzi si wa kamati, ni wake, na gharama zake ni zake. Liandike hilo kwenye kikao kinachofuata.

*Mjumbe amehamia Dar es Salaam na daftari analo.* Mpigie kwa upole, lije na basi. Wakati huohuo fungueni daftari jipya, ukurasa wa kwanza ueleze kilichotokea na nani aliulizwa tarehe gani. Kuanzia sasa daftari likae kwa katibu wa kikundi, siyo kwa katibu wa kamati.

*Watu wanaogopa kusema mbele ya mkubwa wao.* Huku kwetu hili lipo, mdogo hambishii mjomba wake hadharani. Mwenyekiti aanze kuuliza maoni kwa mdogo wa umri na amalizie kwa mkubwa. Kwa jambo zito, pigeni kura za karatasi.

*Posho imekula fedha ya kazi.* Irudisheni kuwa nauli halisi na maji ya kunywa, iandikwe kwenye hadidu za rejea. Watakaojiuzulu kwa sababu hiyo, waacheni waende.

*Kamati imemaliza kazi na haitaki kuvunjika.* Msigombane nayo. Kwenye mkutano unaofuata mtu mmoja aombe daftari la kamati na ajenda yake ya mwisho visomwe. Ya kwetu ya mashine ilisomwa hivi: "Ajenda ya 1: Kufungua kikao. Ajenda ya 2: Soda. Ajenda ya 3: Kufunga kikao." Ilivunjwa kabla hatujafika kwenye mengineyo.